Breki ya Kulia

Ilikuwako nchi moja, mbali sana na hapa. Nasema mbali sana kwa sababu nina watoto ambao bado wanasoma. Nchi nyingine zina marais, nyingine zina wafalme. Hao wenzetu walikuwa na Dereva Mkuu. Siku aliyochukua madaraka alitangaza kwamba taifa ni gari, wananchi ni abiria, na abiria hazungumzi na dereva gari likiwa kwenye mwendo. Gari hilo halikusimama tena, kwa hiyo hakuna aliyepata nafasi ya kuzungumza naye.

Katika nchi hiyo aliishi binti mmoja aitwaye Zawena, wa miaka kumi na saba, mwoga. Msimcheke. Kwao woga ulifundishwa shuleni tangu darasa la kwanza, na Zawena alikuwa mwanafunzi mzuri. Aliogopa askari, aliogopa simu ikiita kwa namba asiyoijua, aliogopa kupiga chafya wakati wa wimbo wa taifa. Lakini woga huo wote ulikuwa wa kawaida, wa kulala nao na kuamka nao. Ule wa kukosesha usingizi ulikuwa bado haujafika.

Sheria ilisema kila kijana akifika umri huo asome Somo la Udereva Salama kwa njia ya mtandao, awe na gari, asiwe nalo. Bila cheti cha somo hupati kitambulisho, na bila kitambulisho huolewi, hutibiwi wala huzikwi. Inasemekana wako wazee waliokuwa wakiahirisha kufa kwa sababu ya bando.

Mwalimu wa somo alikuwa Dereva Mkuu mwenyewe. Alijirekodi kwa simu yake, bila msaada wa mtu, kwa kuwa hakumwamini mtu yeyote na picha yake. Aliiweka simu mbele yake, upande ule wa kujitazama, akapunga mkono kuwasalimu wananchi. Kisha akaishusha miguuni, akaonyesha pedali mbili za gari. "Hii hapa ni breki," akasema. "Na hii ni mafuta." Kwenye video breki ilikuwa kulia, mafuta kushoto.

Kwenye video hiyo hiyo mkono uliopunga ulikuwa wa kushoto. Wenye akili zao wakaelewa mara moja kwamba huo ni mwongozo mpya. Kuanzia wiki ile watumishi wa serikali wakawa wanasalimiana kwa mkono wa kushoto, na majenerali wakahamisha medali zao zote upande wa pili wa kifua. Watu wa kawaida nao walipeana wa kushoto sokoni na maofisini, wakifika nyumbani wanafunga madirisha kwanza ndipo wanapeana wa kulia.

Madereva wa zamani walishangaa kidogo. Walikuwa wamekanyaga breki ya kushoto miaka yote na magari yao yakasimama, jambo ambalo Wizara ya Mwendo Salama ililiita bahati. Waliitwa kufanya mtihani upya. Wakajibu kulia, wakapewa leseni zao, wakarudi kazini wakiwa na mguu wa mtihani na mguu wa barabarani, na hawakuwahi kuichanganya. Mmoja tu ndiye aliyenyoosha kidole kuuliza swali. Huyo alipelekwa masomo ya juu, na lazima ni ya juu sana, maana mkewe hajamwona mpaka leo.

Vijana hawakuwa na mguu wa barabarani. Walikuwa na ule wa mtihani peke yake. Lakini nisiwatie wasiwasi bure, kwa sababu mwaka ule ule Wizara ilitangaza kwamba ajali zimekwisha kabisa nchini. Na ilikuwa kweli. Neno lenyewe lilipigwa marufuku, na badala yake watu wakawa wanasimama bila kupangwa. Hospitali kuu ilijengewa jengo jipya zuri la ghorofa, likaitwa Wodi ya Waliosimama, na halikupata kuwa na kitanda kitupu.

*

Zawena alisomea jikoni, kwa simu ya mama yake, maana huko ndiko mtandao ulikoshika. Kamera ilimtazama uso muda wote. Akipepesa macho sana, somo lilirudi mwanzo. Akiacha kutabasamu, somo lilirudi mwanzo. Bando likikatika katikati alihesabiwa kuwa ametoroka gari likiwa kwenye mwendo, na jina lake lingesomwa redioni. Mama yake, Mama Shaibu, alisimama nyuma ya simu ameshika vocha, tayari kukwangua.

Maswali hayakuwa mepesi. "Mtoto amekatiza barabara ghafla. Utafanya nini kwanza?" Zawena alijibu kwamba atakanyaga breki, akakosa, somo likarudi mwanzo. Jibu lilikuwa kumshukuru Dereva Mkuu kwa kumwezesha kumwona mtoto huyo. Breki ilikuja ya tatu, baada ya kutabasamu.

Mtihani wa vitendo nao ulifanyika hapo hapo jikoni. Gari halikuruhusiwa, kwa kuwa Wizara iligundua kwamba watu wengi waliosimama bila kupangwa walikuwa ndani ya magari. Zawena alikalia mbuzi ya kukunia nazi, akashika mfuniko wa sufuria kuwa usukani, na miguuni akapanga kandambili mbili kuwa pedali. Mlio wa injini aliufanya kwa mdomo.

"Breki!" simu ikaamuru.

Akakanyaga kandambili ya kulia. Simu ikapiga vigelegele.

"Mafuta! Breki! Breki!"

Kushoto, kulia, kulia. Alirudia hivyo mpaka mguu ukawa unakwenda wenyewe bila kuulizwa. Siku matokeo yalipotoka, Zawena alikuwa amepata alama zote, wa kwanza nchi nzima. Mama yake alilia kwa furaha. Zawena naye alifurahi, na kwa mchana mmoja mzima hakuogopa kitu.

*

Furaha ile ilikatishwa na Afisa Mzenga wa Wizara, aliyefika kwa miguu, suti imejaa vumbi. Gari lake lilikuwa limesimama bila kupangwa pale njia panda.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu," akaitika Mama Shaibu. Afisa akanyoosha mkono wa kushoto, na mama akampa wake wa kushoto, huku moyoni akimwomba radhi marehemu mama yake aliyemlea vizuri.

"Mama, una binti."

"Ninaye, baba."

"Kwa nini umemficha?"

"Sijamficha. Yuko uani anaosha vyombo."

"Mwite. Taifa linamtaka."

Zawena akaja, mikono ina povu la sabuni. Afisa Mzenga akasimama wima, akakohoa, akazungumza kama anayehutubia uwanja ingawa sebule ile ilikuwa na viti vitatu.

"Binti Zawena! Siku ya Mwendo Salama, wewe ndiye utakayemwendesha Mheshimiwa Dereva Mkuu, kwenye barabara mpya, mwanzo hadi mwisho, mbele ya taifa zima na mbele ya mabalozi!"

"Shikamoo," akasema Zawena. Ndilo neno pekee lililopatikana.

"Marahaba. Una furaha?"

"Nina furaha, Afisa. Ila mimi sijawahi kugusa gari."

"Safi kabisa! Hujaharibiwa."

"Hata kukaa ndani sijakaa."

"Ndiyo maana ukachaguliwa. Waliozoea magari wana ubishi."

"Basi nipate mazoezi, hata kidogo tu."

Tabasamu la Afisa likakauka. "Mazoezi ya nini? Unataka kusema somo halitoshi?"

"Hakusema hivyo, baba," Mama Shaibu akawahi. "Mtoto kazidiwa na furaha, ulimi ukateleza."

Afisa akamtazama Zawena, akaitikia kwa kichwa. "Nami ndivyo nilivyosikia. Nimesikia furaha."

Kisha akaeleza yaliyobaki. Mwisho wa barabara utachorwa mstari mweupe, na gari lisimame hapo. Mbele ya mstari, hatua moja tu, watapangwa watoto wa shule wakiimba kwaya, ili dunia ishuhudie jinsi nchi ile inavyoliamini somo lake. Lilikuwa wazo la Waziri mwenyewe.

"Si wangesimama pembeni tu?" mama akauliza.

"Pembeni! Unataka tutandike na magodoro?"

Na miguuni mwa dereva, akaongeza akiwa mlangoni, itawekwa kamera, ili wananchi waone somo likitendeka mubashara. Alipoondoka, Zawena alikwenda nyuma ya nyumba akatapika.

*

Kaka yake Zawena, Shaibu, alikuwa kitandani, mguu wake mmoja umefungwa vyuma. Alikuwa miongoni mwa vijana wa kwanza kusoma somo lile. Akapewa kazi ya kuendesha gari la mikate, na asubuhi yake ya kwanza kazini akasimama bila kupangwa. Ilivyotokea hakumwambia mtu. Kabla ya kuruhusiwa kutoka wodini kila mgonjwa huapishwa, na Shaibu aliapa kwamba hakumbuki.

Lakini watu wa nchi ile walikuwa na desturi yao. Jambo la kweli walilihifadhi mpaka mvua inyeshe. Mvua ikipiga bati, jirani hasikii, na hapo ndipo ndugu walipoambiana yaliyowasibu, wachumba walipojuana, na waume walipowaambia wake zao walichofukuziwa kazi. Kiangazi kilikuwa kirefu, lakini mbinguni walimhurumia Zawena, mvua ikanyesha siku ya tatu baada ya Afisa kuja. Akaingia chumbani kwa kaka yake, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Kaka, niambie siku ile ilikuwaje."

Shaibu akasikiliza bati kwanza. Mvua ilikuwa ya kutosha.

"Kulikuwa na mama anavuka," akasema, "na mwanawe mgongoni. Nikakanyaga breki. Gari likaruka mbele."

"Ulikosea pedali."

"Sikukosea, Zawe. Nilikanyaga ya kulia, kama tulivyofundishwa. Liliporuka nikadhani sijakanyaga vya kutosha. Nikazidi kukanyaga."

"Na yule mama?"

Mvua ikapungua ghafla. Shaibu akanyamaza. Zawena akabaki ameshika shuka, akingoja, na kungoja kule kulimtesa kuliko maneno. Ilipoongezeka tena, kaka yake akaendelea.

"Nilikata kona nikaingia ukutani. Yeye alipita. Mimi ndiye niliyesimama." Akamshika mkono, wa kulia. "Breki iko kushoto, mdogo wangu. Iko kushoto na siku zote imekuwa kushoto. Kulia ni mafuta."

"Basi nitakanyaga kushoto."

"Mbele ya kamera? Taifa zima likuone unamwambia Dereva Mkuu kwamba ni mwongo?"

"Watanifanya nini?"

"Sijui. Wale waliofanywa hawajarudi kusimulia. Na hawatachukua mmoja. Wewe, mimi, mama, wote."

"Na nikikanyaga kulia?"

Wote wawili walikuwa wakiwafikiria watoto wa kwaya.

Kabla mvua haijakatika alimfundisha alichokijua, kwamba kuna mkono pembeni wa kuvuta mpaka kwenye herufi ya kwenda, na kwamba mafuta hukanyagwa kidogo kidogo. Zawena akauliza kuhusu kuzima.

"Kuzima sijui," akasema Shaibu. "La kwangu lilijizima."

*

Siku ikafika, kama siku mbaya zinavyofika, mapema. Mama Shaibu alipika chapati, na hakuna aliyezila. Alimvisha binti yake sare ya Wizara, akamfunga vifungo vyote mwenyewe, akamwambia, "Mwanangu, fanya wanavyotaka urudi nyumbani." Halafu akaona alichokisema, akaanza kulia, akasema, "Hapana. Sijui. Fanya ujuavyo." Zawena naye hakujua.

Barabara mpya ilikuwa nyeupe kwa jua, imefungwa kamba pande zote, na nyuma ya kamba walijaa watu waliokuja kwa hiari baada ya kuhesabiwa nyumba kwa nyumba. Spika zilitundikwa kwenye kila nguzo. Mwanzoni mwa barabara gari jeusi la wazi lilikuwa linanguruma taratibu. Fundi aliyeliwasha alikuwa ameshaondolewa haraka, asije akaonekana kwamba alihitajika.

Zawena akaketi nyuma ya usukani. Haukufanana kabisa na mfuniko wa sufuria. Miguuni akaziona pedali mbili, halisi, za chuma na mpira.

Mama mmoja wa Televisheni ya Taifa akainama akabandika simu chini, ikitazama miguu yake. "Tumeiweka vile vile alivyoiweka Mheshimiwa siku ile," akasema. "Upande ule ule wa kujitazama. Ni amri."

Skrini kubwa ilikuwa imesimamishwa kando ya barabara, na miguu ya Zawena ikatokea pale, mikubwa kama mitumbwi. Akausogeza wa kushoto kidogo. Kwenye skrini ukasogea wa kulia. Akadhani ni woga unamchezea. Akasogeza wa kulia, kwenye skrini ukasogea wa kushoto.

Akarudia tena. Simu ilikuwa inageuza kulia na kushoto, kama kioo cha kuchania nywele.

Basi ndiyo hiyo tu. Mkono wa kushoto, medali, breki, ile wodi mpya, mguu wa Shaibu. Yote yametokana na mtu mmoja aliyependa kujitazama wakati anajirekodi. Zawena alitaka kucheka na hakuweza. Nafuu ndiyo iliyomjia kwanza, ikamlegeza mabega. Akikanyaga kushoto, gari litasimama, na skrini itaonyesha kulia. Watoto watapona, mama atapona, yeye atarudi nyumbani kula chapati zilizopoa. Hakuna atakayejua.

Ndipo spika zikapasua masikio, na sauti ya Waziri ikasikika kutoka mwisho wa barabara.

"Kwa mafanikio haya makubwa, serikali imeamua kushusha umri wa kusoma udereva! Watoto mnaowaona hapa wanaanza somo Jumatatu! Mwaka ujao tutawakabidhi mabasi ya shule, wajiendeshe wenyewe!"

Watoto wakashangilia, wakaanza kuimba, na kwa kila neno breki wakapiga mguu wa kulia chini. Walikuwa wadogo, wengine soksi zimewashuka. Kutoka kule alikoketi Zawena alisikia vishindo vya ile miguu vikija kwa pamoja, na nafuu yote aliyokuwa nayo ikaondoka.

*

Dereva Mkuu akapanda akaketi kando yake, ananukia marashi, kifua kizito kwa medali upande wa kulia. Kwenye koti amebandikiwa kipaza sauti kidogo cha kuwasalimia wananchi. "Mwendo ni salama!" akanguruma, na spika zote zikanguruma. Umati ukaitikia. Kisha akakifunika kipaza sauti kwa kiganja na kuinamia upande wa Zawena.

"Binti."

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Sikiliza vizuri. Ukifika kwenye mstari, kanyaga ya kushoto."

Zawena alidhani masikio yamemdanganya. Gari lilikuwa limeanza kwenda, polepole, mguu wake wa kulia umegusa mafuta kama alivyoelekezwa chini ya bati. "Somo linasema kulia, Mheshimiwa."

"Somo ni la wananchi."

Walipita mbele ya mabalozi. Dereva Mkuu akatabasamu na kupunga mkono ule usio na kazi.

"Kumbe Mheshimiwa ulijua?" Zawena alisikia sauti yake mwenyewe ikiuliza, nyembamba, ya mtu mwingine kabisa.

"Nilijua jioni ile ile nilipoitazama. Nikataka kurudia. Lakini walikuwa wameshapiga makofi." Alisema hivyo kama mtu anayesikitika kidogo kwamba mchuzi umezidi chumvi. "Tazama mbele."

Zawena akatazama mbele. Aliogopa kwaya, aliogopa askari waliopangwa barabarani, aliogopa mtu huyu mnene aliyemkaribia hivi. Lakini katikati ya woga kulikuwa na kitu kingine, cha moto, kinapanda kutoka kifuani, na kwa kuwa hakuwa amekizoea alikidhani homa. Ilikuwa hasira. Alimwona Shaibu anakanyaga, gari linaruka, anazidi kukanyaga.

"Mheshimiwa, sikusikia. Umesema kulia?"

"Kushoto," akanong'ona.

"Kulia?"

"Kushoto, wewe!"

Zawena akaukandamiza mguu wa kulia. Gari likaruka mbele, upepo ukawapiga usoni, medali zikalia. Dereva Mkuu akaachia kipaza sauti akakumbatia mlango kwa mikono yote miwili.

"Kushoto!" Kila spika ya kila nguzo ikalipuka kwa sauti yake. "Breki ni ya kushoto! Hiyo ya kulia ni mafuta, utatuua! Nani amekwambia kulia? Kushoto, mwanangu, kushoto, nakuomba!"

Taifa zima likasikia. Ile kwaya ilikuwa bado inaimba, kwa kuwa hakuna aliyeiamuru inyamaze, na nyuso za watoto zilikuwa zinakua na kukua. Zawena aliona kinywa cha binti mmoja kimeachama. Akaondoa mguu wa kulia na kukanyaga wa kushoto kwa nguvu zake zote, mpaka akainuka kwenye kiti.

Gari likalia, likapiga magoti, likasimama. Binti yule wa mbele angeweza kuligusa kwa mkono.

*

Palikuwa kimya kiasi kwamba injini ilisikika. Watu waliitazama skrini, ambako mguu ulikuwa umekanyaga kulia, wakazitazama spika, ambako mtu mzima alikuwa amelilia kushoto. Yule binti wa mbele akaitazama miguu yake miwili, akageuka.

"Mwalimu," akauliza kwa sauti, "kumbe ni upi?"

Mwalimu akatazama angani. Dereva Mkuu akashuka, akanyoosha koti, akasimama mbele ya gari kuikabili kamera. "Wananchi, mlichosikia hivi punde..." akasema, akakwama.

"Lilikuwa jaribio la usikivu!" Waziri akamwokoa. "Na mmefaulu, kwa kutosikia!"

Wakubwa wote wakapiga makofi, wakaja mbio kujipanga pale mbele ya gari, kando ya Mheshimiwa, ili waonekane. Askari wawili wakaufungua mlango wa Zawena.

"Shuka."

"Nikiinua mguu linaondoka," akasema. "Sijafundishwa kuzima."

Ilikuwa kweli. Somo liliishia pale Dereva Mkuu anapopunga mkono wa kwaheri, injini bado inawaka. Askari akaviangalia vile vitufe na taa, akamtazama mwenzake. Wote wawili walikuwa na vyeti, tena vyenye alama nzuri. Akaona njia rahisi ni kumvuta mkono. Mguu wa Zawena ukalegea kidogo tu, na gari likasogea upana wa kiganja, likagusa magoti ya Waziri.

"Mwacheni!" Dereva Mkuu akasema kwa meno yaliyoumana, akitabasamu kwenye kamera.

Kwenye kamba pale pembeni, mwanamke mmoja akainama akapita chini yake. Alikuwa Mama Shaibu. Hakumtazama askari yeyote. Akamshika mkono yule binti wa mbele, ambaye hata hakumjua jina, akamwondoa barabarani. Mwanamke mwingine akapita chini ya kamba akamchukua wake. Halafu wakapita wengi, bila kibali wala kelele, kila mmoja akachukua mtoto aliyemfikia kwanza, wengine wawili wawili, mpaka mbele ya gari hakukubaki hata soksi.

Wakabaki wakubwa. Kamera ilikuwa ingali inarusha matangazo, na yeyote kati yao ambaye angesogea kando angekuwa amekiri mbele ya taifa kwamba hafuati somo kwa moyo wote. Kwa hiyo walisimama, wamepangana kwa vyeo, wanatabasamu, macho yao yote yako kwenye goti la Zawena.

Zawena aliwatazama kupitia kioo. Aliogopa, aliogopa kuliko siku zote za maisha yake, na mguu wake wa kushoto ulikuwa umeanza kufa ganzi.